Barua ya wazi kwa watoto wa kaka zangu mnaotaka kukifufua kilabu cha bibi yenu

Wanangu,

Nimeuona mchoro wa bango mlionitumia. Pale kando ya barabara ya Bukoba kwenda Kyaka, kwenye kiwanja kilipokuwa kilabu cha bibi yenu, mnataka kujenga baa ya kisasa. Ukutani kichorwe kifaru na mwanajeshi aliyeinua bunduki, jina liwe la kivita, na kaunta iwe na kabati la kioo lenye daftari la madeni la bibi, ili madereva wa malori ya Mutukula, kule mpakani na Uganda, wapige nalo picha. Mmeniomba baraka kwa sababu daftari liko kwangu. Na kwa kuwa mlikwisha kulitangaza jambo hili kwenye makundi ya ukoo, ya kijiji na ya watu wa Kagera walioko Dar es Salaam kabla sijafungua kinywa, nami najibu hadharani. Wako vijana wengine wenye baa na grosari kwenye barabara ileile, na wapo waliokwisha kuchora vifaru vyao. Nao wasome.

Baa siipingi. Sisi sote tulivaa, tukala na kutibiwa kwa pesa ya rubisi, na anayeona haya kuitaja pombe iliyomlea asije kuomba mgawo wa kiwanja. Najua pia kwamba kwa desturi yetu Wahaya kibanja, yaani shamba la ukoo, ni chenu. Mimi ni binti niliyeolewa nikaondoka. Lakini kati ya waliokuwa ndani ya kilabu kile wakati wa vita vyetu na Amin wa Uganda, mwaka 1978 na 1979, wakiosha vibuyu, wakichota na kurudisha chenji, nimebaki mimi. Kwa hiyo mtanivumilia.

Neno langu ni hili: mnachotaka kuchora ni vita vilivyopita barabarani. Vya ndani havikuwa na kifaru. Bibi yenu alikiendesha kilabu miezi ile kwa kujua nini cha kukataa, amkatalie nani, na saa ngapi, na kila alipokataa alipoteza pesa. Hilo halichoreki ukutani. Lakini linafundishika, na ningependa mlirithi kabla ya matofali.

Tuanze na kinywaji chenyewe, maana wengi wenu mmekua na vya chupa. Rubisi hutengenezwa kwa ndizi za pombe, si hizi za kupika. Unazivundika siku kadhaa mpaka ziive sawasawa, unazimenya, unazitia kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, kisha zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Wakati huo ni tamu na mtoto anakunywa. Ukishachuja ukatia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunika kwa majani ya mgomba, kesho yake ni pombe. Siku chache baadaye imechachuka, haina mnunuzi. Yaani rubisi haifichwi ghalani kungoja bei ipande. Wakati ule wenye maduka waliweza kuficha sukari na sabuni. Sisi tulikuwa na kitu ambacho kikikosa mnywaji leo, keshokutwa unakimwaga migombani. Nadhani hiyo ilitufanya waaminifu kuliko tabia zetu.

Kilabu kilikuwa nyumba ya miti na udongo, bati juu, mlango mbele na mlango nyuma, mabenchi ya magogo, nyasi zimetandazwa chini. Wateja walikuwa wakulima wa kahawa, walimu, makondakta wa mabasi, na tangu Amin apindue serikali ya Obote kule Uganda Januari 1971, Waganda waliokimbia kwao ambao walikunywa polepole na kuzungumza kwa sauti ya chini. Vita tulikuwa tumekwisha kuvionja kidogo. Septemba 1972, baada ya wafuasi wa Obote kuvuka mpaka kutoka kwetu na kushindwa, ndege za Amin ziliangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka zaidi kwamba baba alichimba shimo nyuma ya nyumba, na kwamba baadaye mama aliligeuza kuwa shimo la kuvundikia ndizi, kwa sababu, alisema, shimo zuri namna ile haliachwi likae bure.

Oktoba 1978 hapakuwa na mzaha. Tarehe 18 ndege zilipiga Bukoba, vioo vya madirisha vikavunjika mjini na watu wakaanza kufunga virago. Mwishoni mwa mwezi wenzetu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakaanza kupita mlangoni petu: kutoka Bunazi, kutoka Minziro, kutoka kwenye kiwanda cha sukari. Wagonjwa walikuwa juu ya baiskeli, magodoro kichwani, kuku kwapani. Ng'ombe wao wengi waliswagwa kwenda Uganda. Siku hiyo mtumbwi wetu ulikuwa umejaa, ndizi zimetoka kukanyagwa, na baba alikuwa amesimama na ungo wa mtama. Mama akamwambia, "Usitie." Tukawachotea watoto wa wapita njia mtumbwi wote, ungali mtamu. Kesho yake hivyohivyo. Wateja wetu wa kila siku walinuna, na mzee mmoja akalalamika kwamba hata Amin hajafika lakini pombe imekwisha kutekwa.

Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote ile hadi mtoni ni ya Uganda. Kesho yake, kwenye redio ya baba, tukamsikia Mwalimu Nyerere akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Tarehe 3 Waganda wakalilipua daraja la Kyaka. Watoto wadogo wakapelekwa kwa mjomba Muleba. Kaka yangu mkubwa, ambaye ninyi watatu mnamwita baba na wengine baba mkubwa, akaingia mgambo. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikabakizwa kumsaidia mama.

Ndipo jeshi likaja, na hapa ningeweza kuwasimulia mpaka asubuhi. Barabara ambayo tulizoea kuona basi moja asubuhi na moja jioni ilijaa malori ya jeshi, mabasi ya abiria yaliyochukuliwa kwa kazi ya vita, na vijana wa mikoa yote ya Tanzania wakiteleza kwenye tope, maana mvua za Novemba hazikusubiri mtu. Wengi hawakuwa wamewahi kuona migomba mingi kiasi kile. Aliyetoka Iringa aliulizia ulanzi, akashangaa kusikia hatugemi mianzi. Mchaga alionja, akatikisa kichwa, akasema hii ni mbege iliyosahaulika kutiwa ulezi. Wa Tabora alitaka wanzuki ya asali, wa pwani alililia mnazi. Kila mmoja aliisema rubisi yetu vibaya kwa adabu, akaimaliza, akaomba nyingine. Na ulikuwa msimu wa senene. Vijana wa kusini waliapa kwamba hawatii panzi mdomoni. Baada ya wiki walikuwa wananunua kwa kopo na kugombania wale waliokaangwa na chumvi, chumvi yenyewe ikiwa adimu.

Mama alikuwa na Kiswahili cha kisomo tu, kile cha elimu ya watu wazima alichokipata jioni pamoja na wenzake shuleni. Vita vilimmalizia darasa. Alijifunza kutukana kidogo pia, ila alitumia maneno hayo kwa mbuzi peke yake.

Kukanyaga ndizi kwetu ilikuwa kazi ya wanaume. Kaka alipoondoka, na baba akawa anaitwa kila mara kubeba mizigo na kukata miti ya kuimarisha barabara, mtumbwi ulibaki bila miguu. Mama alisubiri siku moja, akaona ndizi zinaanza kuoza, akaingia mwenyewe. Wazee walisema pombe itaharibika. Haikuharibika, na wazee hao waliinywa. Lakini aliomba jirani mmoja mzee akae kwenye kiti karibu na mtumbwi kila anapokanyaga, asifanye lolote, ili mwenye kuuliza aambiwe kwamba mwanaume alikuwepo. Nalitaja hili kwa ajili ya wale binti zetu ambao kwenye karatasi yenu ya mgawo wa hisa sijawaona. Liangalieni tena hilo karatasi.

Sasa sikilizeni habari za magari. Usiku yalipita mengi kuelekea Kyaka, taa zimefifizwa, na asubuhi wateja wetu walianza mchezo wa kuyahesabu na kubishana: yalikuwa mangapi, yalibeba nini, mizinga ile ilikuwa na midomo mingapi. Mama akaweka sheria: humu ndani hatuhesabu magari. Aliyeanza kuhesabu alinyang'anywa kibuyu, hata kama amekwisha kulipa. Watu walidhani ni ukali wa mwanamke. Kisha akaja mtu mmoja mgeni, mkarimu, akawanunulia wote, akauliza maswali yaleyale ya magari kwa kuchangamka. Mama akamwambia pombe imekwisha. Mitungi miwili ilikuwa imejaa nyuma yangu, nami nilikuwa nimeiegemea. Mtu yule akatazama mitungi, akamtazama mama, akaaga.

Jioni balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza habari zake, pamoja na vijana waliokuwa na hamu ya kukamata jasusi. Na siku zile mtu akiitwa jasusi hakupewa muda mrefu wa kujieleza. Mama akasema, "Nilimwona anakunywa. Sikumwona akifanya jingine." Hakuongeza. Hakumuuzia na hakumchongea. Yule mtu hatukumwona tena, na sijui alikuwa nani. Inawezekana alikuwa mfanyabiashara mpenda soga tu. Nimeishi miaka mingi nikilipima jibu lile na sijapata lililo bora zaidi.

Ninyi leo mna kamera juu ya kaunta na simu mkononi mwa kila mhudumu. Nimeziona video za walevi wa baa za mjini wakilia, wakitaja wake zao, wakitukana wakubwa wao, na kicheko cha mhudumu kinasikika nyuma ya simu. Mtu anayekunywa kwako amekukabidhi ulimi wake. Mkifungua baa, atakayemrekodi mteja afukuzwe siku hiyohiyo, hata akiwa mtoto wangu.

Msidhani kilikuwa kilabu cha watu wa kununa. Tulicheka sana. Amin aliposema yeye na Mwalimu wamalize ugomvi wao kwenye ulingo wa ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi, kilabu kizima kilikaa jioni ile kikipanga pambano. Yule mzee aliyelalamika kwamba pombe imetekwa akajitolea kumshikia Mwalimu fimbo yake raundi zote. Askari mmoja akasema tatizo ni uzito. Mwalimu angehitaji kula matoke miezi sita kwanza.

Turudi kwenye daftari, maana ndilo mlilolitaka. Ni daftari la kisomo. Kurasa za mwanzo ni mazoezi yake: ba, be, bi, jina lake mara ishirini, jina la kijiji. Halafu yanaanza madeni. Mshahara wa askari ulichelewa, na mgambo wengine hawakuwa na senti mfukoni, basi aliwakopesha. Wachache wameandikwa kwa majina. Wengi kwa alivyowajua yeye: Mgogo mrefu, kijana wa Tabora, yule wa kikohozi, mwenye picha ya mtoto. Mbele yake idadi ya vibuyu. Wanaume wa kijiji hawamo. Jirani yetu mmoja alikasirika hadharani kwamba wageni wanakopeshwa na yeye mwenyeji ananyimwa. Mama akamjibu, "Huyu akifa deni nitalibeba mimi. Wewe ukinywa, deni analibeba mkeo." Jirani hakurudi mwezi mzima. Mkewe alileta mkungu wa ndizi, hakusema ni wa nini.

Jeshi lilivuka mto mwezi wa Novemba, wahandisi wakaweka daraja la muda pale Kyaka, na mpaka Januari 1979 Mutukula ilikuwa imechukuliwa. Kilabu kikawa kitupu ghafla, mtama umebaki, mitungi imebaki. Tukawafuatilia kwa redio: Masaka Februari 24, Mbarara siku iliyofuata, Machi mapigano makali ya Lukaya ambako walikuwapo pia askari wa Libya, Aprili Entebbe, na Aprili 11 Kampala. Mwishoni mwa Machi ndege ya Libya ilikwenda kulipua matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama na kuua swala. Kilabuni walisema maskini swala, hata uraia hawajaulizwa.

Kuna madeni yaliyolipwa. Wengine walirudi wenyewe, na mmoja alilipa la rafiki yake pia, hakueleza, mama hakuuliza. Mengi hayakulipwa, naye hakuyafuta wala hakuyadai. Sasa fikirini mnachotaka kukiweka kwenye kioo. Baadhi ya vijana wale wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile, na wengine hatujui walipolala. Siku moja atapita mtu aende Mutukula, ashuke kunywa soda, asome jina la baba yake na kwamba alikufa akidaiwa vibuyu viwili vya rubisi, huku pembeni dereva anajipiga picha. Mnataka kumkaribisha vipi mtu huyo? Kwa bia ya bure? Daftari linabaki kwangu. Atakayetaka kulisoma kwa utulivu anakaribishwa nyumbani, na nimeshamwambia binti yangu kwamba nikiondoka mimi, lisiuzwe na lisifichwe.

Kuhusu kifaru, nina la kuongeza ambalo halitawafurahisha wote. Askari walipoanza kurudi, walikuja na vitu: saa za mkono, redio, vitambaa, baiskeli. Pesa hawakuwa nazo nyingi, vitu walikuwa navyo, na kiu ilikuwa palepale. Mmoja alileta cherehani, nzima kabisa, akataka rubisi ya wiki moja kwa ajili yake na wenzake. Mama alikuwa ameitamani cherehani tangu aolewe. Aliizungusha gurudumu lake, akasikiliza inavyolia, akauliza, "Ya Masaka?" Kijana akanyamaza. Mama akairudisha, akamchotea kibuyu kimoja bure, akamwambia aende.

Masaka tulikuwa na watu. Kabla ya vita tulikwenda huko kwenye harusi na misiba, na mpaka haukuwahi kukata damu za koo zetu. Jeshi letu lilipoingia, sehemu kubwa ya mji ule ilibomolewa kulipiza yale yaliyofanywa Kagera. Mbarara nako kulilipuliwa majengo. Waliofanyiwa unyama ng'ambo ya mto walikuwa ndugu zetu, na uchungu wa askari waliokuta maiti na nyumba zilizoteketezwa nauelewa. Lakini kaka yangu, ambaye alikuwa huko, hakulizungumza mpaka uzeeni, na alipolizungumza hakuinua bunduki yoyote ya ukutani. Alikuwa akitazama mikono yake. Watoto wake mnajua ninasema kweli. Ninyi ndio mliokuwa mkiniuliza kwa nini baba hakai kwenye sherehe za Mashujaa Julai 25 mpaka mwisho. Madereva watakaolala na kunywa kwenu nusu yao ni Waganda. Watakinywea bia chini ya kifaru hicho? Chora mgomba. Chora mtumbwi wa ndizi. Kama mnataka kuwaheshimu mashujaa, kodini gari mwende Kaboya.

Gongo nalo lilikuwepo, msidanganyike. Kulikuwa na mtu aliyeleta mapipa akatuambia wanajeshi wanataka kitu kikali, rubisi ni uji wa watoto, na faida yake angegawana na mama nusu kwa nusu. Sheria ilikataza, lakini sheria wakati ule ilikuwa na kazi nyingi. Mama alisema mtu mwenye bunduki hapewi gongo, akafunga mazungumzo. Vilabu vingine viliuza. Yaliyotokea huko siyasimulii, wenyewe wapo hai au watoto wao wapo.

Na jua likizama tulifunga. Karabai haikuwashwa, kwanza kwa ajili ya ndege, pili kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mitungi siku zote. Mbele alihudumu mama mwenyewe, na kabla giza halijaingia nilikuwa nimekwisha kuvuka kwenda kwa nyanya mzaa baba, ambako nililala na mlango ukikazwa kwa mchi. Askari wengi walikuwa vijana wenye adabu waliomwita mama yao. Hawakuhitaji kuwa wengi, wale wengine. Mama alijua saa ambayo mteja anaacha kuwa mteja, na aliiweka mapema kuliko inavyohitajika. Nusu ya mauzo ya kilabu chochote huja baada ya saa hiyo. Muulizeni mwenye baa yeyote.

Vita vikaisha Juni 1979, Mwalimu akatutangazia miezi 18 ya kufunga mikanda, na kwa kweli mkanda haukufunguliwa ile miezi ilipokwisha. Askari wetu walikaa Uganda mpaka 1981. Barabara ikajaa magendo, na kilabu kikawa na watu wengi kuliko wakati wa vita. Mama aliajiri wasichana wawili wa kuchota, kwa sababu mimi niliolewa. Watu wanadhani miaka ile ndiyo iliyomtajirisha. Alikuwa amechoka, biashara ilikuwa imemzidi, na ule mlango wa kufunga jua likizama ulianza kuchelewa. Wateja wapya walikuwa na pesa ngeni na haraka.

Mnajua kilichofuata. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii waligunduliwa huku kwetu Kagera. Hakuna aliyejua jina hilo. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Walisema umerogwa, umedhulumu, umenunua nguo kwa mkopo usiolipika. Ulipita kwenye njia zile za malori, ukaanza na wenye vilabu, na makondakta, na wasichana wa kuchota. Mmoja wa wale wawili alirudi kwao akiwa mgonjwa. Mama alikuwa akimpelekea uji mpaka mwisho. Yule wa pili aliondoka kwenda mjini na hatukusikia tena. Mama akauza mabenchi, mtumbwi akaupasua kuni, na kiwanja kikaota nyasi mpaka ninyi mlipoanza kukipima.

Kwa hiyo katika mchoro wenu nilitafuta jambo moja ambalo sikuliona. Kuna nafasi ya jiko la nyama choma, ya televisheni tatu za mpira, ya maegesho ya malori, ya vyumba vya kulala wageni nyuma. Wahudumu mmeandika "wasichana 6", basi. Hamkuandika watalala wapi, watalipwa nini, nani atawarudisha makwao saa saba usiku kwenye barabara ile, na kama wanaruhusiwa kumwambia mteja hapana bila kukatwa mshahara. Nimeulizia kwenye baa za jirani: wengi wanaishi kwa chenji wanayoachiwa, na vyumba vya nyuma vinajulikana ni vya nini.

Kama mnataka jina la bibi yenu kwenye bango, na nasema jina lake, si la vita, basi wahudumu wawe na mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi, wawe wake kwa waume, walale mahali pasipo na mlango unaofunguka kuelekea vyumba vya wageni, na pikipiki ya kuwarudisha ilipwe na baa. Rubisi iwepo siku za Jumamosi hata kama haina faida. Mzee wa kuifundisha ninamjua, yuko Kamachumu, anakanyaga bado. Saa ya kufunga muipange ninyi, mimi siwezi kuwalazimisha jua likizama, lakini ikishapangwa isisogezwe kwa ajili ya mtu mwenye gari kubwa.

Nitakuja mwezi ujao barabara ikikauka. Nitaomba kuiona hiyo mikataba kwanza, halafu ndiyo mnionyeshe rangi za ukuta.

Ni mimi shangazi yenu.